Kitanda cha Bibi Kimehamishwa

Nyumba ya karatasi ya ghorofa tatu ilikuwa imeshawekwa mbele ya tanuru la hekalu, jina la marehemu bibi limeandikwa mlangoni ili mzimu mwingine asije akahamia. Suk-yi akachungulia dirishani kabla haijachomwa ili imfikie bibi huko kwa wafu.

"Shangazi, mbona chumba cha bibi kiko juu kabisa?"

"Mkubwa hulala juu," akasema Shangazi Lai-fong.

"Na magoti yale? Miaka sita nimempandisha ngazi mgongoni. Huko atabebwa na nani, wewe?"

"Mtu akifa, goti linapona."

"Nani karudi kukwambia?"

Suk-yi hakungoja ruhusa. Akapenyeza mkono, akabandua kitanda cha karatasi, akakigandisha sebuleni kwa punje za wali uliobaki mchana.

"Kitanda sebuleni! Wageni watakaa wapi?"

"Kitandani, kama walivyozoea. Juu tumpe babu aliyemtangulia, na redio yake."

Redio ya babu ilimkosesha bibi usingizi tangu alipoolewa. Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akainua upande wake wa nyumba, wakaisukuma motoni pamoja.