Cha Mgongoni Hakihesabiwi

Shemeji yangu Muhsin amepanda ndege mara moja tu, na tangu hapo Handeni nzima hatupumui. Mama yangu alipotaka kwenda Mwanza, bingwa huyo akamfundisha kwamba begi la mkononi ni moja, lakini cha mgongoni hakihesabiwi. Akamfunga dumu la asali kwa mbeleko na kulivisha kofia ya mtoto.

Uwanjani, binti wa ukaguzi akamwambia, "Shikamoo bibi, naomba nimwone mjukuu."

Mama hajui kusema uongo. Akafungua mbeleko, asali ikabaki pale mezani, naye akasafiri na aibu yake.

Nilimuuliza Muhsin ana lipi la kusema. Akajibu bila haya kwamba kosa ni la mama, dumu hakulibembeleza.