Sehemu ya Nane ya Roboti

Roboti ina sehemu saba. Jambo hili lilijulikana na kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza, kwa sababu waliliandika daftarini, wakalikariri, wakalifanyia mtihani, na aliyesahau magurudumu alifagia bwalo wiki nzima. Katika mtihani huo, msichana mmoja mwembamba alipata tisini na nane kwa mia. Wenzake walimwita Bisibisi, kwa kuwa hakuna kitu chenye skrubu kilichowahi kukaa karibu naye kikabaki kizima. Redio ya matroni ingeweza kutoa ushahidi, kama ingekuwa bado inatoa sauti.

Bisibisi aliijua roboti ndani nje. Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ndogo: alikuwa hajawahi kuiona.

Si kwamba shule haikuwa nazo. Zililetwa kumi na mbili, kila moja na boksi lake. Mkuu wa shule alizipokea kwa mikono miwili, akazipanga ofisini kwake kwenye rafu iliyo nyuma ya pazia la kijani, jirani na vikombe vya wageni na tufe la dunia ambalo lilikuwa halijatolewa kwenye nailoni yake.

"Watoto wana mikono," aliwaeleza walimu. "Na kitu kikishikwashikwa, kinakwisha."

Hoja hiyo haikuwa na mpinzani. Mwalimu wa roboti, ambaye alikuwa mwalimu wa kwaya mpaka aliporudi kutoka semina ya siku mbili, alifundisha kwa moyo wote. Alichora roboti ubaoni kwa chaki za rangi tatu, kisha akawaimbisha sehemu saba kwa sauti nne. Wavulana wa besi walipewa betri, kwa sababu ni nzito.

"Mwalimu, tutaishika lini?" Bisibisi aliuliza.

"Kwanza nadharia, mwanangu."

"Na nadharia ikiisha?"

"Tunaanza marudio."

Hapo ndipo Bisibisi alipoanza kuhesabu siku. Muhula ulikuwa wa mwisho, na kidato cha pili hakina somo la roboti. Wao husoma kilimo. Asipoishika mwaka huu, ataishia kuwa mtu aliyeimba habari za roboti, kisha akapewa jembe.

Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Zikaja habari kwamba Ijumaa mkaguzi wa elimu atafika kuona somo la roboti linavyokwenda. Mkuu akafunua pazia, akatoa boksi moja taratibu, kama mtu anayechukua yai chini ya kuku anayeatamia.

"Moja inatosha," akasema. "Mgeni akiondoka, inarudi mahali pake."

Roboti yenyewe ilikuwa ya magurudumu, ya ukubwa wa kiatu, na wanafunzi wakaibatiza Kobe. Mwalimu aliiweka mezani akaisubiri itembee. Haikutembea. Akahesabu sehemu kwa kidole, akaziona zote saba. Akazihesabu tena kwa kuziimba.

"Kila kitu kipo," akasema. "Labda ni uchovu wa safari."

Bisibisi akapiga magoti, akamchungulia Kobe tumboni, akabonyeza kitufe chekundu. Taa ikawaka.

Mwalimu alikohoa kidogo. "Hicho hakikuwemo kwenye semina."

Kobe alikuwa na jicho upande wa chini, na kazi yake duniani ilikuwa moja: kufuata mstari mweusi popote uendapo, bila kuuliza. Mwalimu akachora mpango. Mstari ungezunguka meza ya chumba cha mikutano, duara moja, makofi, soda. Na kwa kuwa mgongo wake haukuruhusu kuinama, alimkabidhi Bisibisi utepe mweusi wa mafundi umeme, akaubandike asubuhi kwenye vigae vyeupe.

Bisibisi alimchukua rafiki yake, aliyeitwa Gazeti kwa sababu zinazoeleweka, amshikie mkasi.

"Wewe, duara limeshaisha," Gazeti akasema. "Unakwenda wapi na utepe?"

"Naongeza kidogo."

"Huko ni ofisini kwa Mkuu."

"Kobe ana ndugu zake kumi na moja humo. Kuwapitia tu nyumbani bila salamu ni adabu gani?"

"Tukikamatwa, mimi sikuwepo."

"Sawa. Hebu kata hapa, wewe usiyekuwepo."

Mlango wa kwenda ofisini ulikuwa wazi, kama ilivyo desturi ya siku za wageni, ili samani zionekane. Mwalimu alipouona utepe umeingia humo, alijua ni amri ya Mkuu. Mkuu alipouona, alijua mwalimu ameamua kuiheshimu ofisi yake. Wakatikisiana vichwa kwa shukrani.

Mkaguzi alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba. Kobe akawashwa. Akaizunguka meza kwa heshima zote, akapinda, akavuka mlango, na msafara mzima ukamfuata hadi ofisini. Alipofika kwenye pazia la kijani hakupunguza mwendo. Aliingia chini yake, na kutoka ndani ikasikika sauti ya kugonga boksi la chini kabisa. To. To. To.

"Kuna nini humu?" akauliza mkaguzi.

Bisibisi, nyuma ya msafara, alikuwa ameisubiri dakika hii wiki nzima. Mkaguzi akavuta pazia. Maboksi kumi na moja, utepe wa gundi haujabanduliwa.

"Zina muda gani hapa?"

"Miezi minane, mheshimiwa."

Mkaguzi akapitisha kidole juu ya boksi, akakitazama. "Hata vumbi hakuna."

"Nafuta mwenyewe," Mkuu akasema kwa sauti ya mtu anayeungama. "Kila Jumatatu."

"Nimetoka shule sita," mkaguzi akasema, akivua miwani. "Huko kote ni magurudumu yamevunjika, nyaya zimekatika, na roboti moja ina alama za meno. Watoto wanazichezea. Hapa tu ndipo nilipokuta utunzaji."

Akaandika hayo kitabuni, akatia sahihi, na kuahidi roboti ishirini nyingine, za kisasa zaidi. Bisibisi alitazama sakafu. Mtego wake ulikuwa umenasa vizuri sana, ila aliyenaswa alikuwa anapigiwa makofi.

Jumatano iliyofuata roboti ishirini zikashushwa. Mkuu aliipima rafu kwa futi, halafu kwa shubiri, mwisho akaipima kwa kuguna. Tufe la dunia likahamishwa. Bado hazikutosha.

"Mwalimu," akaita, "hizi kuukuu zinanibania. Zitoe."

"Nizipeleke wapi, Mkuu?"

"Popote. Wape watoto."

Kabla kengele ya mchana haijalia, Bisibisi alikuwa amemfungua Kobe hadi skrubu ya mwisho, na Gazeti alikuwa ameshasambaza habari bweni zima.

Mtihani wa kufunga mwaka ulikuwa na swali lilelile: taja sehemu saba za roboti. Bisibisi, mwenye grisi kwenye kucha zote kumi, aliandika nane, ya mwisho ikiwa kitufe cha kuwashia. Mwalimu akakata alama nne kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: "Zimezidi."

Bisibisi aliisoma karatasi hiyo mara mbili. Kisha akaikunja mara nne na kuipachika kwenye gurudumu la kushoto la Kobe, ambalo lilikuwa linalegea. Likakaza.