Pipa la Mvua Chumbani kwa Justina

Mzee Magese wa Kasoli alikuwa na uongo wa kutosha kujaza gulio zima. Mbu wa Bariadi, alisema, waliwahi kumbeba ndama wake hewani mpaka Lalago, wakamtua huko baada ya kuona hana nyama. Watu walicheka, naye akazoea kwamba akishafungua mdomo, jambo limekwisha.

Kwa hiyo Deogratias, bwana afya, alipoingia uani mwezi wa tano akikagua maji yaliyotuama na kuyamwaga, mzee hakubabaika.

"Mwadila, baba," Deogratias alisalimu. Akaeleza kwamba mjini kuna wagonjwa wa homa ya dengi. Mbu wake hutaga kwenye maji safi ya mapipa na ndoo, na huuma mchana kweupe.

"Mchana mbu amelala," mzee akasema. "Mimi nimeishi nao miaka sabini. Wewe umewasoma tu."

"Huyu halali, baba. Pipa lako la mvua liko wapi? Majirani wanasema unalo."

Lilikuwepo, la lita mia mbili. Justina, mke wa mwanawe Sayi, alikuwa na mimba ya miezi saba, na kisima kilikuwa mwendo wa saa nzima. Mvua ndiyo hiyo imekatika. Mzee alikuwa ameapa kwamba mtoto wa watu hatabeba ndoo kichwani mpaka ajifungue. Aliposikia bwana afya yuko nyumba ya tatu, aliwaamuru Justina na mkewe Esteria wayahamishe maji kwa ndoo, waviringishe pipa mpaka chumbani kwa Justina, walijaze tena na kulizungushia viroba vya pamba.

"Niliuza," akajibu.

"Na chumba kile?"

"Cha mkamwana wangu. Mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga mle. Labda huko kwenu mnaingia."

Deogratias naye alikuwa Msukuma, amezaliwa Maswa, na mwiko huo wa mkwe anaujua. Aliliangalia pazia la mlango, akaandika kitu kwenye daftari, akaenda zake. Mzee alisimulia ushindi huo siku tatu, na kila siku bwana afya alikimbia kasi kuliko jana.

Wiki iliyofuata Sayi alirudi kutoka Lamadi, anakouza dagaa, akiwa na homa na viungo vinamuuma. Alilala chumbani mle siku nne, akapata nafuu, akarudi kazini. Justina na Esteria wakaendelea kukaa mle kutwa wakichambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu, kule, huku wakijipiga miguuni.

Siku moja Justina alipomletea mzee uji, alipiga goti na kusema, "Baba, mle ndani kuna mbu wa mchana. Wana madoa meupe miguuni."

"Umeanza kuwakagua miguu, mayu? Ni wadudu wa pamba hao. Vumilia, soko la pamba likifunguliwa tutatoa viroba vyote."

"Haya, baba."

Hakusema tena. Mkamwana mwenye adabu hamrudii mkwewe neno. Mzee naye hakwenda kutazama. Angeingiaje, na alishatangaza kijiji kizima kwamba haingii?

Baada ya wiki mbili Justina aliamka anaungua. Mzee akanunua dawa ya malaria dukani. Siku ya nne fizi zake zikaanza kutoa damu, wakamkimbiza hospitali mjini.

Malaria haikuonekana. Ilikuwa dengi. Daktari, mama mmoja aliyeitwa Veronica, aliuliza, "Nyumbani mnahifadhi maji?"

"Hapana," Justina alijibu, midomo imempasuka. "Tunachota kisimani." Hakumtazama mkwewe.

"Nauliza kwa sababu ya wengine. Nani amebaki nyumbani?"

Amebaki Esteria. Na tangu juzi Esteria alikuwa akilalamika macho yanamuuma kwa nyuma.

"Maji yapo," mzee akasema. "Pipa zima. Nililificha mimi, chumbani kwake."

Daktari hakumgombeza. Alitoka nje kumpigia simu Deogratias.

Mtoto alizaliwa mchana uleule. Hakulia. Sayi alifika jioni, bado ananuka dagaa, akamkuta baba yake kwenye benchi la nje ya wodi. Mzee alimweleza yote, bila kuongeza wala kupunguza.

"Yeye alikuambia kuna mbu?"

"Aliniambia. Mara moja."

"Ukamwambiaje?"

"Avumilie."

Sayi akaingia kwa mkewe, aliyekuwa hai lakini hajui bado ni siku gani.

Simu ya mzee ikaita. Deogratias. Pipa wamelimwaga, alisema, maji yalikuwa yanachezacheza kwa viluwiluwi. Lakini Esteria wamemkuta sakafuni, kwenye pamba, anatoka damu puani. Wako naye njiani.

Mzee aliishikilia simu hata baada ya kukatika. Halafu akasukuma mlango wa wodi kwenda kumwambia Sayi kwamba sasa ni mama yake.