Kilima Kilichotazamwa kutoka Nguba

Mjini Kamembe hakukuwa na mtu aliyependa mambo ya kale kuliko Papa Muhigirwa, wala aliyeyakosea kuliko yeye. Siku za kazi alikuwa fundi cherehani, na hapo hakukosea hata kifungo. Lakini Jumapili, misa ikiisha, alivaa koti lake la kahawia, akashika fimbo, akawa Prezida wa klabu ya kutembea, akawaongoza wenzake kwenda mahali ambapo wageni hawafiki na wenyeji wenyewe hupapita bila kugeuza shingo.

Wengi wa wenzake walikuwa kama yeye, watu waliokulia Kongo na kurudi baada ya vita, wakiwa na nchi waliyoijua kwa kusimuliwa tu. Walimfuata kwa moyo mweupe. Alipowapeleka kwenye chemchemi za maji ya moto huko Bugarama, alibeba mayai, akaapa kwamba yangeiva kabla hawajamaliza Baba Yetu. Walisali Baba Yetu, wakasali Salamu Maria, wakafika hata Nasadiki, na jioni wakarudi na mayai yale yale mabichi, moja likiwa limepasukia ndani ya koti la kahawia. Alipowapeleka kwenye pango la mashujaa wa zamani, walikuta mbuzi wakitafuna na kuwatazama kama watu waliochelewa mkutanoni.

"Prezida," mmoja aliuliza, "shujaa ni huyu wa ndevu ao ule mwingine?"

Papa Muhigirwa alisafisha koo, akasema historia haitaki haraka.

Nyuma kabisa ya msafara alitembea binti yake, Honorine. Mwaka ule, 2001, alikuwa ametoka chuo cha ualimu, na darasani sauti yake ilifika dawati la pili, ikachoka hapo. Yeye hakumcheka baba yake, kwa sababu alijua jambo ambalo klabu haikulijua. Papa hakuanzisha matembezi yale kwa ajili ya mapango wala chemchemi. Alikuwa akitafuta kaburi la baba yake, na aliona haya kusema kwamba hajui lilipo.

Papa alitolewa kwenye kilima alikozaliwa, huku huku Rwanda, akiwa mgongoni mwa mama yake, usiku wa kukimbia, mwaka wa hamsini na tisa. Mama yake, ambaye Honorine alimwita Koko, alikuwa mjane kijana. Alikuwa ameolewa pale kwa muda mfupi tu, na sehemu kubwa ya muda huo alifungiwa ndani kama ilivyokuwa desturi ya bibi harusi mpya. Mumewe alizikwa uani, penye uzio wa miti ya mivumu. Kisha Koko akavuka mto, akapanga nyumba Nguba, mtaa wa Bukavu unaotazamana na Rwanda. Na kwa miaka yote ya ukimbizi, kila asubuhi akipiga mswaki, alimwonyesha mwanawe kilima kile ng'ambo ya maji: "Pale njo kwetu. Baba yako iko analala pale."

Sasa walikuwa wamerudi, na kilima kilikuwa kimevaa mikaratusi, mabati na maharage. Magoti ya Koko hayakuweza tena kupanda. Alikaa Kamembe kwenye kiti chake, akatoa maelekezo kama jenerali.

"Toka kichwani ya kilima, shuka na mukono ya kuume. Utakuta fasi kilima inapindika sawa kiwiko. Pale pale."

Na Papa Muhigirwa alitoka kichwani mwa kilima, akashuka na mkono wa kuume, Jumapili baada ya Jumapili, klabu yote nyuma yake, akiwaambia wanatafuta "makao muhimu ya kale". Hawakukuta kiwiko. Walichokuta kila mara ni Maman Mukandayisenga.

Huyo alikuwa mjane mwenye shamba pale, na jembe lake lilifika kabla ya salamu. Siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kuanza kutafuta, Prezida aliona kijituta katikati ya maharage, penye kivuli, akapanda juu yake ili atoe hotuba. Alifika kwenye "Ndugu wapenzi wa historia", Mukandayisenga akatokea anapiga kelele: "Shuka hapo! Ondokeni hapo!" Klabu haikungoja kuambiwa sababu. Ilitawanyika mpaka barabarani. Tangu siku hiyo, kila walipopanda kilima, mama yule aliwafuata kwa mbali, jembe begani, akitazama wanakokanyaga.

"Anafikiri tunataka shamba yake," Papa alisema kwa huzuni. "Kumbe mimi sitaki hata jani la haragi."

"Basi mwambie," Honorine alinong'ona.

"Nimwambie nini? Kwamba mutu muzima amepoteza baba yake?"

Katika mwezi wa masika, Honorine alivuka daraja la mpakani kwenda Bukavu kumnunulia baba yake vifungo. Kule ng'ambo vita vilikuwa bado vinaendelea, lakini mpaka ulikuwa wazi mchana, na wachuuzi walipita na ndoo zao kama kawaida. Alipitia Nguba kumsalimu jirani yao wa zamani, Maman Mukengere. Akiwa uani, mahali alipopigia mswaki utoto wake wote, aliinua macho.

Kilima kilikuwa pale. Na kiwiko kilikuwa pale, wazi kama kiwiko cha mtu aliyelala ubavu, upande wa kuume.

Kuume kwake yeye, aliyesimama Kongo.

Alivuka daraja karibu anakimbia. Hakuthubutu kumwambia baba yake, akamwambia Koko sikioni. Koko aliinua mikono yote miwili, akaitazama, kisha akacheka mpaka kitambaa kikaanguka kichwani.

"Muhigirwa! Kuya hapa! Nimekutuma mwaka muzima kwa mukono yangu!"

Papa alisikiliza, uso ukabadilika rangi. Jumapili iliyofuata alitafuta upande wa kushoto peke yake, akarudi na suruali imejaa vishona-nguo. Ule upande ulikuwa mpana, nyumba juu ya nyumba, na kiwiko hakionekani kwa mtu aliyesimama juu yake.

"Lazima mutu aangalie kutoka kule," Koko alisema. "Twende wote Nguba, nitakuonyesha na kidole."

"Niende Kongo kutafuta Rwanda?" Papa alisimama. "Mama, mimi kule sikanyagi tena. Unajua."

Walijua. Mwaka wa tisini na sita, Bukavu ilipowageukia watu wa kabila lao, alivuka daraja akikimbia, kichwa cha cherehani kichwani, kiatu kimoja mguuni. Aliapa mbele ya bendera kwamba mguu wake hautarudi. Kuhusu jambo hilo hata Koko hakufanya mzaha.

Kwa hiyo walikubaliana hivi. Koko na Honorine wangekwenda Nguba polepole. Papa angesimama kilimani na kitambaa chekundu cha dukani. Honorine angepeperusha shuka jeupe: likiwa kuume, Papa aende kuume, likiwa kushoto, aende kushoto, likiwa juu, asimame, amefika.

Jumamosi ile hewa ilikuwa safi. Koko, ambaye mezani hakuweza kuona chumvi iko wapi, aliketi uani kwa Maman Mukengere akasema, "Naona mbuzi kule. Ni ya rangi mbili." Kisha akaona kitambaa chekundu. "Aende kuume!"

Honorine alifikiri kama mwalimu. Papa anatutazama sisi, alijiambia, kwa hiyo kuume kwetu ni kushoto kwake. Akapeperusha shuka kushoto.

Kule kilimani Papa naye alifikiri. Hawa wananionyesha mkono wao, alijiambia, safari hii sidanganyiki. Kushoto kwao ni kuume kwangu. Akaenda kuume.

"Anaenda wapi huyu?" Koko aliuliza.

Honorine alipeperusha kwa nguvu zaidi. Kitambaa chekundu kikaongeza mwendo.

"Hono, simamisha baba yako! Anaenda Kibuye!"

Kelele zile zilimleta askari kutoka njia ya chini, bunduki begani, uso bila tabasamu. Siku zile kupungia watu wa ng'ambo kwa shuka hakukuwa mchezo. "Munapungia nani?"

Sauti ya Honorine ilipotea kabisa. Koko ndiye aliyejibu, bila kuinuka.

"Mutoto yangu. Ule mwekundu. Iko Rwanda lakini hajui nyumbani."

Askari alikaza macho, akatazama kitambaa kikihangaika kati ya mikaratusi, kinakwenda, kinarudi, kinakwenda tena. "Ana miaka ngapi?"

"Miaka ya kuwa na akili."

Askari alicheka bila kutaka, akaomba wakunje shuka, akabaki amesimama anatazama, maana sasa hata yeye alitaka kujua mwisho wake.

Bila shuka, kitambaa chekundu kilisimama, kikangoja. Kisha wakaona mtu mdogo kama siafu akitupa kofia chini, akaiokota, akampa mwingine kitambaa, akaanza kushuka kilima kwa hatua za mtu anayegombana na nafsi yake. Miti ikammeza.

"Amekasirika," Koko alisema. "Njo vile baba yake."

Walikunywa chai. Honorine alitazama njia itokayo darajani, akajizuia kutumaini. Chai ilikuwa imepoa ndipo waliposikia sauti langoni.

"Mama! Kuume ni kuume! Haiwezi kuwa mambo mbili!"

Papa Muhigirwa aliingia uani akitokwa jasho, koti begani, kidole juu. Akafika katikati, akamwona Maman Mukengere, akauona ukuta wa jiko uliobandikwa udongo na mikono yake mwenyewe alipokuwa kijana, na kidole kikashuka taratibu. Alitazama miguu yake.

"Leo umevuka na viatu vyote mbili," Koko alisema kwa upole. "Geuka sasa."

Akageuka.

Honorine hakukitazama kilima. Alimtazama baba yake. Aliona uso wa mtu aliyekutana na rafiki njiani baada ya kuona mgongo wake tu miaka na miaka. "Kiwiko," Papa alisema. "Kile kiwiko. Mama, njo yenyewe."

"Na fasi yetu ni pale chini yake, pale... eh! Nani anashika kitambaa?"

Chekundu kilikuwa kimehama. Sasa kilikuwa kwenye kiwiko kabisa, kimetulia, katikati ya kijani.

"Maman Mukandayisenga," Papa alisema. "Nilimwachia yeye. Alikuwa karibu."

"Basi amekaa kwa bwana yangu."

Papa Muhigirwa alifumba macho, akayafumbua. "Mama," alisema polepole, "pale nilisimama siku ya kwanza. Nilitoa hotuba pale."

Askari, ambaye hakuwa na habari ya lolote, alivua kofia.

Walivuka daraja kabla ya mpaka kufungwa, Koko katikati. Papa alitembea juu ya mbao zile bila kukimbia, akatazama mto upande huu na upande ule, kama mtu anayepita hapo mara ya kwanza. Walimwacha Koko nyumbani, kisha baba na binti wakapanda kilima.

Mukandayisenga aliketi kando ya kijituta, kitambaa chekundu mabegani. "Fundi! Umeniachia nguo ukakimbilia Kongo kama mwizi. Nikasema basi nikae hapa, klabu yako isirudi kupakanyaga."

Papa aligeuka kumtazama Honorine, na Honorine akajua kwamba kazi hiyo ni yake.

"Maman," alisema, na sauti ikatoka nzima, "hatutafuti shamba. Tunatafuta kaburi la babu yangu. Kwa nini hutaki watu wapande hapa?"

Mama yule aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Kwa sababu kuna muntu chini," alisema. "Mama mkwe aliniambia nilipoolewa hapa: lima kote, lakini pale zunguka, kuna baba wa watu. Hakujua ni wa nani. Nimezunguka kila msimu." Alisimama, akajikung'uta udongo. "Na wewe, Prezida, ukapanda juu yake na viatu ukasema ndugu wapenzi. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulikuwa na jembe," Papa alisema.

Jumapili iliyofuata klabu ilitembea kwa mara ya kwanza ikijua inakwenda wapi. Vijana walimbeba Koko kwa ingobyi, machela ya kufuma ambayo watu wa vilimani huwabebea wagonjwa, naye hakuugua hata kidogo. Aliongoza njia nzima kutoka juu ya mabega yao. "Kushoto! Kushoto yenu, si yangu!" Mukandayisenga alikuwa amepalilia pembeni, na kile kitambaa chekundu alikuwa amekifunga kichwani, akasema ni malipo ya ulinzi.

Walimshusha Koko penye kijituta. Klabu ilimgeukia Prezida kungoja hotuba. Papa Muhigirwa alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akafunika uso. Koko alipapasa udongo kwa kiganja chake, kama mtu anayenyoosha shuka la aliyelala.

"Mutoto yako njo huyu," alisema. "Ule wa mugongoni. Usimukasirikie, amechelewa kidogo. Alipitia kuume."

Kisha, kutoka nyuma ya kofia, ikasikika sauti ya Papa, imelowa machozi.

"Kuume ya nani, Mama?"

Mukandayisenga ndiye aliyecheka kwanza.