Kitufe Kisicho na Jina

Kwa miaka sita Winifrida Komba alikaa mapokezi ya zahanati ya Dokta Awadhi pale Mchafukoge, na wagonjwa wengi waliozungumza naye kwa simu hawakujua kwamba haoni. Presha ya macho ilimpofusha akiwa na miaka kumi na tisa, kwao Songea. Baadaye alijifunza kompyuta kwa programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Sikio moja lilikuwa la hedifoni, jingine la simu, na vidole viliandika. Miadi ya mtu hakuwahi kuichanganya.

Mwezi wa nane zahanati ikaleta mfumo mpya. Wenzake waliupenda, kwa kuwa mahali pa maneno waliwekewa picha ndogondogo za kubofya. Lakini picha hizo hazikuandikiwa jina popote ambapo programu ya Winifrida ingeweza kusoma. Ilipoifikia ya kwanza ilimwambia, "Kitufe." Akisogea mbele, "Kitufe." Akisogea tena, "Kitufe."

Muuguzi Sabaha alibaki naye jioni ile wakavihesabu. Cha kwanza kinafungua mgonjwa mpya, cha pili kinafuta miadi, cha tatu kinathibitisha. Winifrida akakariri. Alifanya kazi hivyo siku nane, shingo imekakamaa, akiogopa hata kupiga chafya asije akapoteza hesabu.

Jumatano ya pili, kabla zahanati haijafunguliwa, fundi aliyeutengeneza mfumo aliongeza kitufe kingine pale mwanzo. Hakuna aliyemwambia Winifrida. Wenye macho walikiona, wakaendelea na kazi. Asubuhi hiyo aliwapigia watu kumi na saba waliokuwa na miadi ya kesho yake kwa daktari bingwa wa kifafa, ambaye alikuja mara moja tu kwa mwezi. Kila aliyesema atakuja, Winifrida alihesabu mpaka cha tatu, akabonyeza. Kumbe cha tatu sasa ndicho kilichofuta. Na mfumo, ulipoona nafasi ziko wazi, ukawatumia ujumbe watu waliokuwa kwenye foleni ya kusubiri, wakazichukua.

Alhamisi ukumbi ulijaa watu wa makundi mawili, wote wakidai zamu moja. Daktari bingwa aliwaona aliowaweza, kisha akaondoka, maana alikuwa anasubiriwa hospitali nyingine. Wakabaki watano. Mmoja wao alikuwa Mwanne, mama wa Kigamboni, aliyevuka hadi Magogoni kwa kivuko cha kwanza akiwa amembeba mgongoni mwanawe wa miaka mitano. Alisogea mpaka kwenye meza ya mapokezi.

"Dada, si wewe uliyenipigia jana?"

"Ni mimi."

"Ukaniambia nije."

"Nilikuambia."

"Sasa mbona wanasema jina la mwanangu halimo?"

Winifrida alimsikia mtoto akipumua karibu kabisa na meza, pumzi nzito za mtoto aliyelala. Kisha akasikia kandambili za mama zikielekea mlangoni.

Mchana Dokta Awadhi alimwita ofisini.

"Mwanangu, mimi sikukasirikii," alisema. "Lakini hawa ni wagonjwa. Kuanzia Jumatatu Stella wa maabara atakaa mapokezi. Wewe nenda nyumbani kwanza, tutaona."

"Dokta, fundi anaweza kuvipa majina vile vitufe."

"Nimempigia. Anasema mfumo hauna tatizo, kila mtu anautumia."

"Na mimi?"

Winifrida alisikia kalamu ikiwekwa juu ya meza.

Alijua maana ya "nenda nyumbani kwanza". Kabla ya zahanati hii alikwisha kwenda nyumbani kwanza mara mbili, na hakuna aliyemwita tena. Alikaa kwenye chumba cha dada yake miaka mitatu, akisikiliza redio na kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Ijumaa asubuhi alikwenda kumtafuta fundi. Sabaha alikuwa amemwelekeza: anaitwa Nurdin, yuko mtaa wa Msimbazi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mashuka. Mchafukoge Winifrida aliijua kwa nyayo, lakini Kariakoo haikaririki. Palipokuwa na njia jana, leo pamepangwa ndoo. Fimbo yake iligonga marobota, ikagonga miguu ya watu, ikanaswa kwenye gurudumu la mkokoteni mpaka akaiachia. Aliipapasa chini huku watu wakimruka. Alipoinuka, mwanamume mmoja alimshika mkono bila kumuuliza, akamvusha barabara ambayo hakutaka kuvuka, akamwambia "Mungu akusaidie, dada," akaenda zake.

Hapo ndipo alipopotea. Hakujua uso wake umeelekea wapi. Spika za wauza simu zilipiga kelele pande zote, na kila aliyemuuliza alimwambia "pale", kwa kidole. Alisimama ameegemea ukuta, machozi yakamtoka, akayaacha. Alijiambia kwamba pengine Dokta amesema kweli. Pengine kukaa nyumbani ni salama zaidi, kwake na kwa watoto wa watu.

"Unalilia nini, mwenzangu?" Sauti ya mwanamke muuza khanga ilimjia kutoka chini, alikokuwa amekaa. Winifrida alipomweleza, yule mama aliinuka, akaweka bega lake mbele. "Nishike hapa. Bidhaa zangu hazina miguu." Akampandisha mpaka ghorofa ya tatu.

Nurdin alikuwa kijana mwenye maneno ya haraka.

"Dada, mfumo uko poa. Zahanati sita wanautumia. Labda wewe upate mtu wa kukusaidia kubofya."

Winifrida alitoa hedifoni kwenye mkoba. "Kwenye kompyuta yako iweke programu ninayotumia mimi. Ni ya bure. Kisha zima skrini, uweke miadi ya mtu mmoja. Ukiweza, naondoka."

Nurdin alicheka kidogo, akakubali. Alizima skrini, akavaa hedifoni. Winifrida alisikia kidole chake kikigonga, kikisimama, kikigonga tena. Kicheko kikaisha. Dakika zikapita.

"Inasema kitufe tu," Nurdin alisema hatimaye.

"Endelea."

"Dada, hata sijui niko wapi."

"Sasa fikiria kuna mama yuko kwenye simu, anasubiri umjibu. Na ukikosea, mwanawe hatibiwi. Mimi sikukosea hesabu. Uliongeza kitufe."

Nurdin alivua hedifoni. "Niliongeza, ndiyo," alisema polepole. "Kuandika majina ya vitufe ni kazi ya saa moja. Niliona haina haraka, kwa sababu hakuna ambaye angeyaona."

Ilichukua siku mbili, si saa moja, maana kalenda nayo ilifunguka kwa mausi tu, si kwa kibodi, ikabidi Nurdin atengeneze mahali pa kuandika tarehe. Winifrida alikaa kando yake Ijumaa ile mpaka jioni na Jumamosi yote, akijaribu, akimwambia hapa bado, hapa inanipoteza.

Jumatatu alimkuta Stella kwenye kiti chake. Alimwomba Dokta Awadhi nusu saa. Dokta alisimama nyuma yake akiangalia miadi ya watu watatu ikiandikwa, ikithibitishwa, na ya mmoja ikifutwa kwa makusudi. Kisha akasema, "Mwezi mmoja. Stella atakuwa anakagua kila kitu." Haikuwa heshima aliyokuwa nayo zamani. Winifrida aliipokea.

Kwanza aliwapigia watu watano waliokosa. Wanne walipanga tarehe nyingine, mmoja wao kwa matusi. Simu ya Mwanne iliita muda mrefu.

"Mtoto alianguka Ijumaa, karibu na jiko," Mwanne alisema. "Mkono umeungua. Tumelazwa."

Winifrida alifunika uso kwa kiganja. "Mama, kosa lilikuwa mikononi mwangu. Nisamehe."

Mwanne hakusema amesamehe, wala hakukata simu. Nyuma yake mtoto alikuwa akilia, na mtu akimbembeleza.

"Daktari bingwa atakuja tarehe tisa," Winifrida alisema. "Nimwandike?"

"Mwandike. Lakini ukimaliza unisomee ulichoandika. Chote."

Winifrida aliandika jina la mtoto. Kwenye hedifoni ile sauti ikamwambia: "Kitufe, thibitisha." Akabonyeza, akarudi juu, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamsomea mama yule neno kwa neno, polepole.

"Rudia," Mwanne alisema.

Akarudia.