Pilau Mbele ya Watani

Kama maneno yangekuwa chakula, Zamda angelisha Tabora nzima na watu wa Tura kule mbali wangepelekewa kiporo. Mtaani kwao Gongoni hana mpinzani. Akianza kisa, hata muuza mkaa huegesha baiskeli asikilize. Lakini mdomo huohuo ulikuwa umemtia doa. Kwenye maulidi ya mwaka jana, shangazi yake Bi Kuluthumu, mpishi wa shughuli zote kubwa za mtaani, alimwachia sufuria la pilau akaenda kuswali. Zamda akawasimulia wamenya vitunguu habari za harusi iliyovunjika, na kisa kikakolea kuliko pilau. Wageni walikula moshi kwa adabu zao zote. Tangu hapo Zamda akawekwa kwenye vitunguu saumu, mbali na moto.

Sasa Shamila, binti wa jirani, alikuwa anaolewa. Bi Kuluthumu alimwita Zamda chumbani akafunga mlango.

"Masikio yangu yamekwisha, mwanangu," alisema. "Sufuria silisikii tena."

Zamda alishtuka. Bi Kuluthumu hakuwahi kufunua pilau ili kulitazama; aliinama akalisikiliza. Maji yakiwa mengi, sufuria hunguruma. Yakikaribia kukauka, sauti hushuka ikawa kama manyunyu juu ya bati, na hapo ndipo kuni hutolewa chini na makaa hupaliwa juu ya mfuniko. Ukichelewa kidogo tu, chini panaungua na harufu inapanda mpaka punje ya juu.

"Nakupa wewe," shangazi aliendelea. "Ukiliunguza na hili, jiko nampa mtu mwingine. Wala usije kunililia."

"Sitakuangusha, shangazi," Zamda alijibu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuongeza neno.

Balaa ni kwamba bwana harusi alikuwa Mzaramo, na alikuja kutoka Dar es Salaam na watani. Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipobeba mizigo mpaka pwani. Mtani akiingia shughulini kwako ana ruhusa ya kukufanyia kila kituko, nawe huruhusiwi kununa. Unachoruhusiwa ni kumjibu. Ukikosa jibu umeshindwa, na utachekwa mpaka uzeeke.

Aliyeongoza kundi alikuwa Sabiri, baba mdogo wa bwana harusi, mtu wa kitambi na sauti ya kutangazia mnada. Hakupita hata sebuleni. Alikuja moja kwa moja uani, ngoma nyuma yake.

"Hodi, wapagazi! Leo jiko kapewa nani? Huyu? Si ndiye tuliyeambiwa anapika moshi?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Simu zikainuliwa, watu wakamgeukia Zamda, maana mtaa mzima ulikuwa umeisubiri siku hii. Jibu alikuwa nalo, tena limenolewa pande zote mbili. Lakini ndiyo kwanza mchele wa Igunga ulikuwa umeingia kwenye supu na mfuniko umefungwa. Alilimeza jibu lake, akainama, akatega sikio.

"Jamani, wametuwekea bubu!" Sabiri alipiga kelele. Akajitupa mkekani na kuanza kuomboleza. "Mpishi wa Kinyamwezi amekufa wima! Nani atamzika?" Wenzake wakaangua kilio na ngoma ikazidi.

Mwanahawa, rafiki yake wa mtaa wa Itetemia aliyekuja kusaidia na kumwomba Bi Kuluthumu apike harusi ya mdogo wake, alimsogelea. "Zamda, mjibu! Unatutia aibu."

Hilo lilimchoma kuliko yote ya Sabiri. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na masikio ndiyo aliyoyahitaji. Alijitanda kanga kichwani kupunguza kelele, akashusha uso karibu na mfuniko mpaka mvuke ukamuunguza shavu. Chini ya ngoma, chini ya kilio cha uongo, sufuria lilikuwa bado linanguruma.

Sabiri aliinuka, akamzunguka. "Babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani kwetu, na hata chumvi hakurudi nayo!"

Ee Mola! Kwa hilo Zamda alikuwa na jibu ambalo lingemrudisha Sabiri Dar kwa miguu. Alifungua mdomo. Na katika pumzi ileile aliyoivuta ili aseme, akasikia mngurumo umeshuka. Manyunyu.

Akafunga mdomo. Alivuta kuni zote nje, akachota makaa kwa koleo na kuyamwaga juu ya mfuniko. Sabiri aliruka pembeni kuokoa kanzu yake, watu wakacheka, na Zamda hakuwatazama. Alisawazisha makaa mpaka ukingoni, ndipo akanyoosha mgongo.

Pilau lilipofunuliwa, kila punje ilisimama peke yake, na harufu yake iliwatoa watu barazani kabla hawajaitwa. Sabiri alikula sinia, akaongezewa, akaongezewa tena. Mtani hasifu, basi akatangaza, "Pilau baya hili. Nalimaliza ili lisiwadhuru wengine!"

Hapo Zamda akaachia yote aliyoyalimbikiza tangu asubuhi. Alianza na kitambi, akapita kwenye kanzu iliyonusurika, akaingia kwenye ukoo mzima wa Kizaramo. Watu walishika mbavu, na Mwanahawa alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Bi Kuluthumu hakuwa anasikia hata neno. Alikuwa ameinama juu ya sufuria tupu, anakwangua ukoko. Ulitoka rangi ya asali, bila doa jeusi. Aliutafuna taratibu, akamshika Mwanahawa mkono, na kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe akasema:

"Ile harusi ya mdogo wako, usinifuate mimi. Mpishi ni Zamda. Kaongee naye, na akikubali, mshukuru."

Zamda alikuwa ameinua kidole amalizie ukoo wa Sabiri. Kidole kikabaki hewani. Machozi yakamtoka mbele ya simu zote zile, na hakuyafuta.

"Kanyamaza!" Sabiri aliruka juu. "Mmeona? Nimemshinda!"

Zamda akamwachia ushindi huo.