Fomu Isiyo na Vidonda

Usiku wa jana niliota niko kazini. Hilo peke yake si ajabu. Mimi ni mkaguzi wa makazi ya wazee, na kazi yangu hunifuata kitandani.

Katika ndoto nilikuwa nimerudi kwenye makazi niliyoyakagua kweli mchana wake, nje ya mji mmoja mdogo wa mkoa wa Tabora. Ripoti yangu ilikuwa imekamilika: kurasa kumi na moja, Daraja la Kwanza. Ilitakiwa ifike ofisini saa tatu asubuhi. Ikishafika, hakuna mkaguzi mwingine ambaye angekanyaga pale kwa miaka miwili.

Mlangoni palibandikwa Viwango vya Huduma. Kiwango cha nne kilisema kila mzee awe na dirisha lake, nacho kilikuwa kimetekelezwa. Wazee thelathini wamekaa barazani, kila mmoja amepakata dirisha lake, na fremu yake na nondo zake. Anayetaka hewa anafungua. Nikayahesabu madirisha, nikapata thelathini, nikaweka alama ya vema.

Mzee aliyekaa mwisho akafungua kioo chake ili tusikilizane. Alikuwa Mzee Mahimbo, ambaye kabla ya kuletwa pale alipanga madaraja ya tumbaku ghalani kwa miaka zaidi ya ishirini.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Sisi tuko thelathini na mmoja. Nyamizi umemwona?"

"Bibi Nyamizi yuko chumba namba tatu, hawezi kukaa. Faili lake nimelisoma lote."

"Faili," akasema Mzee Mahimbo, akafunga dirisha.

Nikaingia chumba namba tatu. Kitandani, juu ya godoro la hewa, imelala fomu. Imefunikwa shuka hadi kifuani. Leokadia, mhudumu wa zamu, anaipangusa pembe zake kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu.

"Ngoja kidogo, mama mkaguzi," akasema. "Saa sita imefika. Tunaigeuza."

Akaishika begani. Mwenzake, ambaye hakuwa na uso, akaishika kiunoni. Wakahesabu moja, mbili, tatu, wakailaza ubavu wa kushoto, wakaiwekea mto katikati ya magoti. Kazi ilifanyika kwa usahihi ambao nimeuona mara chache.

Nikaiamkia, kwa kuwa ilionekana ina heshima zake.

"Marahaba, mwanangu," ikajibu fomu, ingawa chini ya ukurasa palionyesha imechapwa Machi mwaka huu.

"Hali yako?"

"Njema mno. Nageuzwa kila baada ya saa mbili. Vidonda vya kulalia sina. Tazama visigino hivi, havina hata wekundu. Leo nimeshageuzwa mpaka saa sita usiku."

"Sasa hivi ni saa sita mchana."

"Imeandikwa," ikasema fomu. "Kilichoandikwa kimefanyika. Si mlitufundisha wenyewe kwenye semina?"

Kwenye semina mimi hufundisha kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu angeisoma sentensi hiyo kuanzia mwisho.

"Bibi Nyamizi yuko wapi?"

Leokadia akaonyesha kwa kidevu. Bibi Nyamizi ametundikwa miguuni mwa kitanda, kwenye kile kibanio cha chuma cha kushikia karatasi. Kimembana mabegani. Khanga yake imenyooshwa vizuri.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Usinione sinyanyuki. Nimebanwa."

"Tangu lini, bibi?"

"Tangu waliposema mkaguzi anakuja."

"Mgongo wako unaendeleaje?"

"Muulize huyo." Akaiangalia fomu. "Mimi hata nikiwa na kiu, wanamsoma yeye kwanza kama nimeshakunywa."

"Ameshakunywa," ikasema fomu.

Nikasema kwamba ningependa kuuona mgongo huo. Leokadia akanitazama kama mtu aliyeombwa funguo za nyumba ya jirani.

"Mama, hilo halina mahali pa kuandikwa. Tazama mwenyewe. Godoro lina nafasi yake. Shuka lina nafasi yake. Kugeuzwa kuna nafasi kumi na mbili. Mgongo hauna."

Nikatazama. Hakukuwa na nafasi. Fomu ile niliitunga mimi.

"Tena tuko wawili," akaendelea Leokadia, bila hasira. "Wazee wasioweza kujigeuza ni tisa, kila mmoja anahitaji watu wawili na dakika nane. Wewe ni mtu wa hesabu."

Ni kweli mimi ni mtu wa hesabu. Dakika sabini na mbili kati ya mia moja na ishirini. Zilizobaki ni arobaini na nane, na ndani yake kuna kuosha, kulisha na kufua kwa watu thelathini na mmoja.

"Ni ngumu," nikasema.

"Ndiyo maana tunaandika asubuhi. Asubuhi ndiyo tuna nguvu."

"Ni ngumu, lakini mgongo nitautazama."

Nikapiga hatua moja kuelekea kwenye kibanio, na chumba kikawa ghala la tumbaku. Sikuulizwa. Marobota yamepangwa hadi kwenye paa, kila moja limeshonewa gunia na kubandikwa kipande cha karatasi: Daraja la Kwanza. Mwandiko ulikuwa wangu. Mzee Mahimbo anapita kati ya mistari, fimbo mkononi, dirisha kwapani.

"Haya, panga," akaniambia. "Hili la kwanza unalipa daraja gani?"

Nikalitazama. Majani ya juu yalikuwa ya manjano safi, makavu, bila doa.

"La kwanza."

"Wakulima wangekupenda wewe. Wangekuletea kuku kila msimu."

"Nimekosea wapi?"

"Umetazama. Robota halitazamwi, mama. Majani mazuri yanawekwa juu, hata mimi ningeyaweka juu. Unaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, unavuta jani la katikati, hilo ndilo unalolipa daraja. Siku ya kwanza ghalani tunafundishwa hilo kabla ya kuonyeshwa choo."

Nikamwuliza robota la chumba namba tatu ni lipi. Akaligonga kwa fimbo. Lilikuwa chini kabisa, na kutoka kwenye mshono wa juu Bibi Nyamizi alikuwa ametoa uso wake, anatusikiliza.

Fomu ikaja mbio, imejifunga shuka kiunoni. "Hairuhusiwi. Robota likifunguliwa halifungiki tena kama lilivyokuwa."

"Sina haja lifungike kama lilivyokuwa," nikasema.

Leokadia alikuwa nyuma yake. "Mama, ukikuta kitu humo, atakayeulizwa si fomu. Ni mimi."

"Nitaandika kwamba mko wawili."

"Utaandika wapi? Nafasi hakuna."

"Pembeni. Pembeni kukijaa, nitaandika nyuma."

Akafikiri, kisha akasogea pembeni. Akaishika fomu mkono, kama unavyomshika mtu anayetaka kuzimia.

Nikapiga magoti mbele ya robota. "Bibi, naomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kukufunua mgongo."

Bibi Nyamizi akaielekezea fomu kidevu. "Wengine wote wamemwomba yule," akasema. "Ruhusa unayo. Ila mikono isiwe ya baridi."

Nikaisugua mikono mpaka ikapata moto. Nikaingiza wa kulia. Tabaka la kwanza lilikuwa kavu, limepigwa pasi. La pili lilikuwa kavu pia, linanukia poda. Nikaendelea. Kiwiko kilipozama, vidole vyangu vikafika kwenye unyevu, kisha kwenye shimo lenye kingo, na ndani ya shimo palikuwa na joto.

Nikalipima kwa vidole. Sentimita nne kwa tatu.

"Hapo," akasema Bibi Nyamizi. "Ni hapohapo. Usiutoe mkono kwanza."

Sikuutoa.

Niliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, mkono wa kulia umeingia chini ya godoro hadi kwenye kiwiko. Nikauvuta. Ulikuwa na ganzi, jambo ambalo linaeleza sehemu kubwa ya ndoto. Ndoto si ushahidi. Sijawahi kubadilisha ripoti kwa sababu ya usingizi, na sikukusudia kuanza.

Nikajitengenezea chai, nikafungua simu kupitia picha za ukaguzi. Ya kumi na nne ilikuwa ya fomu ya chumba namba tatu. Niliipiga ili iwe kiambatisho, mfano wa kumbukumbu zinazotunzwa vizuri. Simu huandika saa ya kila picha, na hii ilipigwa saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi.

Nikaikuza. Saa nne, vema. Saa sita, vema. Saa nane, saa kumi na saa kumi na mbili jioni, vema. Saa mbili usiku, saa nne usiku na saa sita usiku, vema. Alama zote zilikuwa za kalamu moja, zimelalia upande mmoja, kama zilizopigwa kwa pumzi moja. Nikarudi kwenye picha nyingine zote, sitini na tatu. Zilikuwa za karatasi, mabomba, vitanda vilivyotandikwa na stoo ya unga. Mgongo wa mtu haukuwemo hata mmoja.

Nikampigia Songoro, dereva wetu.

"Tunarudi," nikamwambia.

"Ofisini, mama?"

"Makazini kwa wazee."

"Na ripoti? Si saa tatu?"

"Itachelewa."

"Kuna kitu umesahau kule?"

"Bibi wa chumba namba tatu. Sikumwona."

"Mama, chumba kile ulikaa nusu saa. Mimi nilikuwa nje, naungua jua."

"Nilikuwa nasoma."

Nikasikia akitafuta funguo. "Sawa. Mafuta yaliyomo yanatosha kwenda na kurudi. Nijaze?"

"Jaza," nikasema. "Na kiti cha nyuma kilaze. Kutoka kule tutapitia hospitali."